Neno moja kwenye fomu ya ridhaa: kisa cha damu iliyobaki

"Damu itakayobaki itatunzwa kwa uchunguzi zaidi." Maneno sita, chini kabisa ya ukurasa wa tatu wa fomu ya ridhaa. Nilifundisha Kiswahili shule ya upili miaka 31 kabla ya kustaafu. Niliyasoma maneno hayo, nikatia tiki, nikafunua ukurasa wa nne. Kisa ninachokichambua hapa kilianzia kwenye tiki hiyo, na ndiyo maana nimeona nikiandike mimi mwenyewe, nisimwachie daktari wala mwanasheria.

Mimi ni mjumbe asiye mwanasayansi katika kamati moja ya maadili ya utafiti hapa Kisumu. Kamati siitaji, mradi siutaji, na vitu vidogo vidogo vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevibadilisha. Mwenendo wa mambo nimeuacha ulivyokuwa.

Kwa asiyeifahamu kazi hii: utafiti unaowahusu binadamu hapa Kenya hupitia kwanza kamati iliyoidhinishwa na NACOSTI, Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Barua ya kamati ndiyo mtafiti huambatisha anapoomba leseni ya tume. KEMRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, vyuo vikuu na hospitali kubwa za rufaa wana kamati zao. Kamati husoma itifaki, yaani mpango mzima wa utafiti, hupima hatari na faida, hukagua fomu ya ridhaa, na kwa kawaida ruhusa yake hudumu mwaka mmoja kisha huombwa upya. Miongozo ya kimataifa ya majaribio ya tiba inataka wajumbe wasiopungua watano, mmoja wao asiwe mwanasayansi na mmoja asiwe mtu wa taasisi husika. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na chama cha madaktari wa dunia mwaka 1964, liliporekebishwa Oktoba 2024 lilitamka wazi kwamba lazima kamati iwe na angalau mwananchi wa kawaida mmoja. Kwetu, mwananchi huyo ni mimi.

Huku kwetu utafiti si mgeni. KEMRI na CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, walianza kushirikiana mwaka 1979, na kituo chao cha Kisian anakijua kila kondakta wa barabara ya Busia. Vijana 2,784 wa hapa Kisumu, wa miaka 18 hadi 24, walishiriki jaribio la kuona kama tohara inapunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Bodi ya uangalizi ililisimamisha Desemba 2006 kwa sababu faida ilishaonekana, na haikuwa haki kuendelea kuwangojesha waliokuwa hawajatahiriwa. Watoto wa Siaya na Kombewa walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Septemba 2019 ilianza kutolewa Homa Bay. Ukiiona chanjo hiyo kwenye kadi ya kliniki ya mtoto leo, jua kuna mama aliyekubali wa kwake adungwe kabla hakuna aliyejua kama inafanya kazi. Watu hawa wametoa kwa ukarimu. Ninapoingia kikaoni huwa nawawaza wao.

Kilicholetwa mezani

Mradi wenyewe ulikuwa wa malaria, na tuliupitisha miaka miwili kabla ya kisa hiki. Watoto wa chini ya miaka mitano katika uwanda wa Kano, jirani na Kisumu, wangeletwa kituo cha afya wakiwa na homa, wachukuliwe damu kidogo, itazamwe kama ina vimelea, watibiwe hapo hapo. Mradi mzuri, nasema bila kusita. Mama aliyezoea kupanga foleni tangu alfajiri alihudumiwa mapema, dawa zilikuwepo, na nauli alirudishiwa. Damu iliyobaki kwenye mirija ililetwa mjini ikawekwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri.

Mwaka wa tatu mtafiti mkuu akaleta ombi la marekebisho. Alitaka mirija hiyo, zaidi ya mia nne, isafirishwe hadi maabara moja ya Ulaya ikasomwe vinasaba, hasa vya selimundu, ugonjwa tunaouita huku sikoseli.

Swali lake lilikuwa na uzito, na sipendi msomaji adhani tulikuwa tunapambana na mtu mbaya. Mwaka 1949 mwanasayansi Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alizunguka nchini akipima damu akaona kitu cha ajabu: chembe mundu zilikuwa nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na chache nyanda za juu. Mahali penye malaria nyingi ndipo palipokuwa na selimundu nyingi. Mwaka 1954 akachapisha maelezo yake: mtu aliyerithi kinasaba hicho kutoka kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, na malaria kali haimwezi kirahisi. Anayerithi kutoka kwa wote wawili ndiye anayeugua. Kwa hiyo ugonjwa unaowaua watoto wetu na kinga inayowaokoa vimo kwenye kinasaba kimoja, na sisi wa kando ya ziwa tumevibeba vyote viwili kwa vizazi. Mtafiti alitaka kuendeleza elimu hiyo kwa damu ya watoto wa hapa hapa. Ningemnyima kwa sababu gani?

Ombi liliingia kwa mlango wa mapitio ya haraka. Marekebisho yanayoonekana madogo hayangoji kikao kizima. Mwenyekiti huwapa wajumbe wawili wayasome, wakiridhika anatia sahihi. Wawili hao walikuwa wameridhika. Hakuna mtoto angedungwa tena, walisema, na wazazi walishakubali damu itunzwe. Katibu wetu ana desturi moja ambayo sikuithamini hadi siku hiyo: kila ombi la haraka hulituma kwa wajumbe wote, pamoja na fomu za lugha zote zilizotumika. Nilifungua ya Kiingereza, ikisema damu itatumika kwa utafiti mwingine wa baadaye. Nikafungua ya Kiswahili.

Uchunguzi zaidi.

Mama anasikia nini

Kwenye kamusi, uchunguzi ni neno pana, na mfasiri angeweza kujitetea. Polisi hufanya uchunguzi, mwandishi wa habari pia. Lakini neno halisomwi kwenye kamusi. Linasomwa na mama aliyeketi kwenye benchi la kituo cha afya, mtoto mwenye homa mgongoni, na mbele yake amesimama mtu mwenye koti jeupe na sindano. Mahali hapo uchunguzi ni kupimwa. Daktari akikwambia anakufanyia uchunguzi zaidi, unarudi nyumbani kungoja majibu. Ukiitwa, kuna shida. Usipoitwa, mshukuru Mungu. Utafiti ni kitu kingine kabisa: unatafuta elimu kwa ajili ya wote, na huenda aliyetoa damu asipate jibu lolote daima.

Fomu ya Kiluo ilikuwa vile vile. Kiluo kina neno lake la utafiti, nonro, na mradi ulikuwa umelitumia vizuri kwenye kichwa cha fomu. Lakini kwenye sentensi ile ya damu iliyobaki mfasiri aliteremka kwenye pimo, kupima. Nadhani alitaka kurahisisha. Mtu anayefasiri fomu ya kurasa sita kwa malipo ya mara moja hapati nafasi ya kwenda kumuuliza bibi mmoja kijijini amesikia nini.

Nilipokuwa nikijiandaa kwa kikao nilikumbuka habari ya Tuskegee, ambayo kila mjumbe mpya hufundishwa. Kuanzia 1932 hadi 1972, katika jimbo la Alabama, wanaume weusi 399 wenye kaswende waliangaliwa tu ugonjwa ukiendelea, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa tiba. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya", neno la nyumbani ambalo kwa wenyeji lilibeba magonjwa chungu nzima. Silinganishi mradi wetu na uovu ule. Kwetu hakuna aliyedanganya. Ila mafunzo tuliyopewa hutuonyesha daktari mdanganyifu tu, hayatuonyeshi neno. Na neno la nyumbani likiwekwa mahali pasipo pake laweza kumpoteza mtu hata kama hakuna aliyekusudia.

Nilimwandikia mwenyekiti kuomba ombi litolewe kwenye mapitio ya haraka liletwe kikaoni. Mjumbe mmoja akiomba hivyo, kanuni zetu hazimpi mwenyekiti nafasi ya kukataa. Kanuni hiyo iliandikwa na watu wenye busara.

Kikao

Tuliketi kumi na mmoja. Kabla ya ajenda ya kwanza mwenyekiti huuliza kama yupo mwenye maslahi katika ombi lolote. Kimya. Tulipofika kwenye ombi letu, mjumbe mmoja, daktari wa watoto ninayemheshimu sana, akaanza kulitetea kwa ufasaha, na katibu akainua mkono akauliza kwa sauti ya chini kama jina lililo la nne kwenye orodha ya watafiti washiriki si lake. Lilikuwa lake. Alisema alisahau, na mimi namwamini. Mtu mwenye miradi saba husahau. Lakini utaratibu ni mmoja: unatamka, unajibu maswali ukiulizwa, unatoka nje, na kumbukumbu za kikao zinaandika saa uliyotoka. Alitoka. Tulibaki kumi.

Mgongano wa maslahi wa mjumbe mmoja ni rahisi kuuona. Mgumu ni ule wa taasisi nzima. Kamati inateuliwa na mkuu wa taasisi, inaketi kwenye chumba cha taasisi, posho ya vikao inatoka kwa taasisi, na taasisi hiyo hiyo hukata asilimia kwenye kila ruzuku inayoingia. Wiki ile mwenyekiti alipigiwa simu na ofisi ya juu akakumbushwa, kwa adabu, kwamba mfadhili ana tarehe yake na fedha zisizotumika hurudi. Mwenyekiti alitueleza simu hiyo wazi mbele ya kikao na akataka iandikwe. Hilo kwangu lilikuwa kubwa kuliko hotuba yoyote ya maadili. Azimio la Helsinki linataka kamati iwe huru mbele ya mtafiti, mfadhili na mwingine yeyote, lakini azimio halipokei simu. Mtu ndiye hupokea.

Hoja za upande wa pili zilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia. Mwenzetu mmoja alitusomea mwongozo wa CIOMS, baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi ya tiba, wa mwaka 2016, unaoruhusu kamati kusamehe ridhaa mpya pakitimia mambo matatu: utafiti usiwezekane bila msamaha huo, uwe na thamani kubwa kwa jamii, na hatari kwa mshiriki isizidi kiasi kidogo. Akauliza: mnataka tukatafute akina mama mia nne na zaidi? Mto Nyando umefurika mara ngapi tangu hapo? Wengine wamehamia kwa ndugu, wengine wamefuata kazi za miwa, wengine wamebadilisha namba za simu. Na kila mwezi tunaopoteza, elimu ya selimundu inachelewa kwa watoto wale wale mnaosema mnawalinda.

Mwanasheria wetu akajibu kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaweka taarifa za vinasaba katika fungu la data nyeti, na kuzitoa nje ya nchi kuna masharti yake. Mimi nikaleta mfano wa kabila la Havasupai kule Arizona, Marekani. Walitoa damu kwa ajili ya utafiti wa kisukari, wakaja kugundua baadaye imetumika pia katika mambo wasiyoyakubali, ikiwemo asili ya uhamaji wa mababu zao, jambo lililogusa imani yao. Mwaka 2010 chuo kikuu kilikubali kuwalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu iliyobaki. Wazee wao walikwenda kuichukua.

Tungeweza kubishana hadi jioni. Muuguzi aliye mjumbe wetu, ambaye husema mara chache, ndiye aliyetutoa hapo. "Tunabishana mama ameelewa nini," akasema. "Kwa nini tusiende tukamuulize?"

Benchi la kituo

Haki ya kufuatilia utafiti unaoendelea tunayo. Iko kwenye Helsinki na iko kwenye kanuni zetu. Kwa miaka yote niliyokaa kwenye kamati tulikuwa tumeitumia mara mbili. Bajeti ya mafuta haikuwepo. Tukaenda watatu, muuguzi, mwanasheria na mimi, kwa matatu hadi Ahero, kisha kwa bodaboda kando ya mashamba ya mpunga.

Tulikuwa tumewaomba wahudumu wa afya wa kijiji watuitie akina mama kumi hivi walioshiriki. Walikuja kumi na watano, na dani mmoja, yaani bibi kwa Kiluo, aliyekuja badala ya binti yake aliyekwenda Nairobi kutafuta kazi. Tulieleza sisi ni nani na si nani: hatukutoka kwa mradi, hatuna dawa, tumekuja kusikiliza. Kisha niliwasomea ile sentensi, kwa Kiswahili na kwa Kiluo, nikauliza kila mmoja anieleze kwa maneno yake.

Wa kwanza alisema damu imewekwa ili ipimwe magonjwa mengine. Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu akaongeza kwamba serikali ina mashine kubwa mjini. Dani akasema jambo jingine: kijijini maneno ya kachinja yalikuwa yameanza, kwamba gari jeupe linachukua damu ya watoto kwenda kuuza, na yeye aliwanyamazisha kwa kuwaambia damu inapimwa. Nilinyamaza hapo. Uvumi wa mumiani una umri mrefu Afrika Mashariki, na wasomi wengi huupuuza kama ujinga. Lakini dani alikuwa ameutetea mradi kwa jibu ambalo si la kweli, na jibu hilo tulimpa sisi.

Wa tisa alikuwa kijana, hajafika miaka ishirini na mitano, amempakata mvulana wa miaka miwili na nusu. Akasema, "Mwalimu, wa kwangu ni mzima. Damu yake ilipimwa magonjwa yote. Hawakuniita."

Muuguzi alikuwa anamtazama mtoto. Alisogea, akamwomba mama ruhusa, akavuta chini ngozi ya jicho. Weupe wa jicho ulikuwa na umanjano. Akauliza kama mtoto aliwahi kuvimba vidole. Mama alicheka kidogo, kama mtu anayeshangaa mgeni amejuaje, akaushika mkono wa mwanawe akautandaza juu ya goti lake. Vilivimba mwaka uliopita, alisema, vyote vinne, vikawa kama ndizi changa, mtoto akalia siku tatu bila kulala. Mara ya pili ilikuwa miguu. Jirani alimwambia ni baridi, wakamkanda kwa maji moto. Hakumpeleka mbali, kwa sababu damu ilishapimwa.

Muuguzi alimwandikia rufaa pale pale. Majibu yalitoka wiki hiyo hiyo hapa mjini: selimundu. Tangu hapo mtoto anapata foliki asidi, penisilini ya kumkinga, dawa ya kuzuia malaria, na kliniki yake. Anaendelea vizuri na mama yake ameruhusu niandike haya.

Nataka hili lieleweke sawasawa. Mradi haukumficha mama kitu. Mradi ulipima malaria tu, na kipimo cha selimundu hakikuwemo. Lakini jibu la mtoto huyo lilikuwa kwenye friza, mwendo wa saa moja kutoka kwao, na mama aliishi miaka miwili akiamini limeshasomwa. Hakuna aliyemdunga sumu wala kumwibia. Alipewa utulivu ambao haukuwa na msingi, kwa sentensi ambayo kamati iliipitisha. Kumbukumbu za kikao kile cha kwanza nimezisoma tena. Tulikuwa na itifaki kumi na nne siku hiyo. Sahihi yangu iko pale, ya sita kutoka juu.

Uamuzi, na palipogawanyika

Tuliporudi kikaoni hakuna aliyetaka tena mapitio ya haraka, lakini pia hakuna aliyetaka kukataa. Mtoto yule alikuwa amethibitisha pande zote mbili: ridhaa haikueleweka, na utafiti wa selimundu unahitajika sana.

La kwanza lilikuwa rahisi. Kila mzazi atakayepatikana aulizwe upya, kwa fomu mpya yenye neno utafiti na nonro, na sentensi ya wazi kwamba damu itakwenda Ulaya na kwamba yeye huenda asipate chochote. Anayekataa, mrija wake uharibiwe.

La pili lilituchukua saa nzima, nalo ni la majibu. Kabla mrija wowote haujapanda ndege, tulisema, damu ipimwe selimundu hapa hapa Kisumu, na mtoto anayeugua aitwe na aunganishwe na kliniki. Mtafiti alikubali bila ubishi. Kwa kweli alionekana amefarijika. Shida ilikuwa kwa watoto wenye kinasaba kimoja tu, wasio wagonjwa. Wengine walisema wazazi wote waambiwe, ni haki yao. Nami nilidhani hivyo hadi muuguzi alipotutembeza hatua kwa hatua. Mtoto ana kinasaba kimoja, kwa hiyo kimetoka kwa mama au kwa baba. Mama anakwenda kupimwa kwa hofu, hana. Basi ni baba. Baba anapimwa, naye hana. Sasa kuna karatasi ya hospitali mezani inayosema jambo ambalo hakuna aliyeuliza, na nyumba inavunjika kwa utafiti wa malaria. Tuliamua majibu ya aina hiyo apewe mzazi anayeyataka, baada ya kuelezwa na mshauri yanaweza kufunua nini, na maabara ikatazwe kabisa kulinganisha sampuli za watu wa familia moja. Sijui kamati ngapi zimekaa zikafikiria hilo. Sisi tusingelifikiria bila mtu aliyewahi kukaa na wanandoa kwenye chumba cha ushauri.

La tatu ni mirija ya wasiopatikana. Hapo tuligawanyika. Wengi walisema majina yafutwe, namba zikatwe, damu itumike, kwa kuwa masharti matatu ya CIOMS yametimia. Mimi na watatu wengine tulikataa. Kinasaba hakifutiki jina kama daftari linavyofutika, na watu wa eneo dogo kama lile hutambulika kwa urahisi. Lakini sababu yangu kubwa haikuwa ya kitaalamu. Hao wasiopatikana ni kina nani? Ni waliohamishwa na mafuriko, waliopoteza simu, waliokwenda kutafuta kazi Nairobi. Walio maskini zaidi kwenye orodha ndio ambao tungewatumia bila kuwauliza, na sababu yenyewe ni kwamba ni maskini. Tulishindwa kwa kura sita dhidi ya nne. Nimeuheshimu uamuzi huo, umeandikwa pamoja na maoni ya waliopinga, na bado naona ulikuwa na makosa.

Mtafiti alisikitika kuhusu muda. Siku moja kwenye ngazi aliniambia kuna kamati nyingine ambazo zingempitishia kwa wiki moja. Nilimjibu kwamba fomu yetu inamtaka mwombaji aseme ombi lake limewahi kupelekwa wapi na liliambiwaje, na ninatumaini ya kwao pia. Hakuhama. Aliajiri wahudumu wawili wa afya wa kijiji wakazunguka miezi mitatu, na kwa hilo nampa heshima yake. Wengi waliopatikana walikubali. Kadhaa walisema wangekubali tangu mwanzo kama wangeambiwa hivyo tangu mwanzo.

Kumi na tisa walikataa. Mmoja wao alikuwa mama wa yule mvulana, na nilipolisikia nilishangaa, maana sasa alijua vizuri kuliko wote faida ya kuisoma ile damu. Alimwambia muuguzi wa mradi kwamba mwanawe ameshajulikana, anatibiwa, na hataki kipande chake kiende mahali asipopajua. Halafu akaweka sharti. Damu isitupwe jalalani, na mtu aliyemwona kwa macho awepo ikiharibiwa. Akanitaja: yule mwalimu.

Nilikwenda. Fundi wa maabara alitoa mirija kumi na tisa kwenye friza, moshi wa baridi ukapanda, akaipanga kwenye kikasha cha bati na kunisomea namba moja moja nikizilinganisha na orodha. Ni mirija midogo, haifikii kidole changu cha mwisho. Akaifunga kwenye mtungi wa mvuke, tukangoja karibu saa moja tukizungumza habari za mvua. Ilipotoka, damu ilikuwa imeganda na kugeuka kahawia. Nikatia sahihi, naye akatia, ikapelekwa kwenye tanuri la hospitali.

Muuguzi wa mradi alimpigia mama simu kisha akanipa niongee naye. Nikamweleza nilichokiona, tangu friza hadi tanuri. Alinyamaza kidogo, nikasikia mtoto akiongea nyuma yake. Akauliza, "Na wale wengine kumi na wanane, mmewaambia?"

Hatukuwa tumewaambia. Hakuna aliyelitia kwenye uamuzi. Muuguzi alichukua orodha yake akaanza na namba ya kwanza, na mimi nikabaki pale kwenye kiti hadi alipomaliza wa tano, ambaye simu yake ilikuwa imezimwa.